Robine ya Remoroki

Siku ya kwanza ya juma, 3/5/1954
Nimekamua, nimechuja maziwa, naandika mbele ya kuenda shamba. Bahati, mutoto wangu, amepewa kamio ya mizigo yenye kukokota remoroki. Iko na furaha sana. Miye hapana. Remoroki ni kamio nyuma ya kamio, bila shofere. Nani anaisimamisha?

Siku ya pili, 4/5
Bahati ameleta nguo nifue, akanielezea. Upepo unatoka ku kamio, unapita mu tuyo ya mpira, unaenda kukaza magurudumu ya remoroki. Njo freni yake. Kuko robine moja ndogo ku tuyo. Isipofunguliwa, upepo haupiti. Nikamuuliza, na ukisahau? Akacheka. "Mama, weye njo unasahau chumvi. Miye sisahau robine."
Kweli nasahau chumvi. Lakini chumvi haiui muntu.

Siku ya tano, 7/5
Ameenda Walikale. Feza, binti wa jirani yangu, amepanda naye, anaenda kusaidia dada yake aliyezaa, siku mbili tu. Mama Feza akamwambia Bahati: "Ukimurudisha amekonda, utanioa miye." Tukacheka sana. Bahati akasema atamulisha ndizi mpaka kamio ishindwe kupanda mulima. Nilishika mulango wa kamio kidogo, nikaomba, kisha nikaachilia.

Siku ya yenga, 9/5
Hawajarudi. Nilikuwa kanisani, sikusikia mahubiri.

Siku ya kwanza, 10/5
Shofere mwingine ameleta habari. Remoroki ilianguka mu mutelemuko, nyuma ya Kalembe. Feza amekufa. Bahati iko muzima.
Nikasema Asante Mungu. Kwa sauti. Mama Feza alikuwa amesimama kando yangu.

Siku ya tatu, 12/5
Tumezika Feza. Nilipeleka maji ya wageni, mama yake akayamwaga chini, pole pole, akanirudishia mutungi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Sijui tena nimuite nani. Nikisema Mama Feza, naita na marehemu.

Siku ya sita, ya posho, 15/5
Bahati amerudi kwa miguu. Nilipika, hakugusa. Mangaribi akasema yote.
Remoroki ilikuwa imelala Kalembe siku nyingi, upepo wake umeisha. Yeye na Feza waliichukua pale mu kurudi. Akafunga cheni, akaunga tuyo. Mvua ikaanza, akakimbilia ndani. Robine hakufungua. Mu kamio nafasi ilikuwa imejaa wasafiri, basi Feza akakaa juu ya remoroki, juu ya magunia ya maharage, amejifunika turubai. Mu mutelemuko remoroki ikaanza kusukuma kamio. Bahati akakanyaga freni, nyuma hakuna kitu. Akasikia Feza anaita. Kaka Bahati, simamisha. Kaka, simamisha. Akaita mpaka kwenye kona.
Mutoto wangu alikuwa ameziba masikio akisema ivi.
Nilimuosha miguu. Iko na miaka makumi mbili na tano na nilimuosha miguu.

Siku ya yenga, 16/5
Alienda kwa Mama Feza, miye nyuma yake. Akapiga magoti ku mulango. Akasema, robine, njo miye nilisahau.  Mama Feza akauliza neno moja.
"Aliogopa?"
Bahati akasema hapana, mama. Alikuwa amelala mu magunia. Hakujua kitu.
Mama Feza akaniangalia miye. Nikaangalia chini.
Tukarudi. Bahati akatapika kando ya ua letu.

Siku ya ine, 27/5
Mama Feza amekuja na ungo wake. Mara ya kwanza. Tumechambua maharage pamoja mpaka jua likaingia. Bahati alipopita na jembe, Mama Feza akamusalimia.
Baadaye akaniambia, "Feza, njo vile. Hata akiwa mudogo, ukimulaza analala, hata radi haimuamshi."
Nikasema, njo vile.
Tukaendelea kutoa mabovu.