Uso wa marehemu kwenye televizyo kubwa

Fidélie, miye sijui nifanye nini.

Ile video ya marehemu baba ya rafiki yetu Angèle ilitoka kwenye simu ya zamani. Niliipanga kwenye ordinateri, kompyuta yangu, ndani ya kadirisha kadogo. Uso ulikuwa safi kabisa!

Leo kwenye matanga wameleta televizyo kubwa. Nikaikuza video ijaze ekrani yote. Uso ukapotea, ikabaki miraba ya rangi tu.

Mjane akauliza: « Binti, huyu ni nani? »

Eti huyu ni nani, Fidélie! Bwana yake!

Nikairudisha ndogo. Akasogea mpaka pua ikagusa kioo. « Njo yeye, bwana yangu. Usimukuze tena. »

Nyuma yake mashemeji wanapiga kelele: « Kuza, weye! Hatuone kitu! »

Nimejificha jikoni. Wananiita. Nikuze ao niache?