Nani Alitoa Upepo

Baba Shukri,

Maharagwe yako kwa sufuria, pasha tu. Saa saba mpe Shukri dawa ya kikohozi, kijiko kimoja, usisahau.

Sasa tuongee. Asubuhi nimepata magurudumu yote mawili ya baiskeli yangu hayana upepo. Nikadhani ni miiba, mpaka Shukri akaniambia, "Mama, ni Baba alitoa. Alisema watu wa msikiti wanamcheka."

Yaani tangu petroli ipande gari yako imelala hapo nje, mimi ndiye nakanyaga mlima wa Milimani kila siku nikienda kazi, halafu wewe ndiye unaona haya? Na nyama ya jana niliibeba kwa keria ya baiskeli hiyo hiyo. Hukuona haya ukiitafuna.

~~Leo nalala kwa dada yangu Fardosa.~~ Hapana. Hii ni nyumba yangu pia. Nitarudi jioni.

Wangui wa mlango wa pili amenipa pampu yake, lakini nishachelewa. Ukigusa baiskeli yangu tena utajipikia mpaka petroli ishuke.

Na usimgombeze Shukri. Kwa hii nyumba yeye pekee ndiye ameniambia ukweli leo.

Mama Shukri