Niliazima Kifua cha Shemeji

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usinicheke mpaka umalize kusoma, maana ukoo mzima umeshanicheka na asiyecheka tena ni mke wangu, na huyo ndiye ninayemwogopa.

Mimi ni mwanamume wa miaka sitini na mbili, nina duka la vipuri, na tangu ujanani nashiriki mashindano ya magari, si kwa kutafuta riziki bali kwa mapenzi tu, wenzangu wananiita Mzee Gia, na anayekaa kiti cha pembeni akinisomea ramani na kunitajia kona kabla hazijafika ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, mtu wa miaka hamsini na moja, mvi zimemwahi lakini hanywi, havuti, anakimbia kila asubuhi na kitambi hakijui. Sasa mwaka huu chama chetu kimetoa sharti kwamba dereva aliyevuka sitini apimwe moyo kwanza, nami kuna jambo sikuwa nimemwambia mtu: nikipanda ngazi za ghala la dukani, nikifika katikati kifua kinabana, nasimama, najifanya nahesabu maboksi ya plagi, kikiachia naendelea, na vijana wangu wa kazi wanadhani bosi ni mtu wa hesabu sana.

Nakuomba uelewe desturi yetu. Siku ya ukaguzi wa magari sisi huazimana, mwenye tairi zilizokwisha huazima za mwenzake, anapita, anarudisha, na wakaguzi wanajua na wanatazama pembeni, basi nikaona kama tairi huazimwa, kifua kina nini? Nikamwambia, "Shem, nenda wewe, taja jina langu, watakuwekea waya, watakupa cheti, utarudi." Akacheka, akanijibu, "Shem, kwa moyo huu? Watadhani wamempima simba." Akaenda.

Mchana mke wangu akapigiwa simu akaambiwa mumewe amelazwa, mshipa wa moyo umekaribia kuziba, aje haraka, naye akatoka mbio na kanga ya jikoni, akafika wodini akamkuta kitandani mdogo wake, mkononi amevalishwa utepe wenye jina langu, na nyuma yake nikaingia mimi, niliyeitwa na shemeji kwa simu, mzima, nimebeba machungwa. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, akalia, akacheka, akalia tena, kisha akaniambia, "Wewe hebu toka nje kwanza." Siku hiyohiyo madaktari wakauzibua ule mshipa, wakaweka kifaa kidogo cha kuupanua, na leo shemeji yuko nyumbani, anakula, anatembea, na mshauri, sijawahi kufurahi hivyo tangu nizaliwe.

Ila sasa dawa anazokunywa zina jina langu, chama kimesikia kwamba aliyetibiwa ni mimi, kimenifuta mashindanoni, wenzangu wamekuja na matunda wakanishika mkono kwa upole mpaka nikajiona marehemu, na shemeji ananisihi, "Tunyamaze, shem, wakijua ni mimi sitakaa tena kile kiti." Mke wangu naye tangu siku ile ananipa neno mojamoja: kula, pisha, lala. Je, kwa kuwa mambo yameisha salama, tunyamaze? Na nikienda kupimwa mwenyewe nitaanzia wapi, wakati jina langu limeshapona?

Mzee Gia, mwenye duka la vipuri

MSHAURI ANAJIBU

Mzee Gia, nimecheka. Umenikataza, nimeshindwa. Nilipofika kwenye ngazi za ghala nikaacha.

Kwanza tushukuru. Shemeji yako alikwenda kwa utani akakutwa na ugonjwa ambao ungemwangusha asubuhi moja njiani akikimbia, peke yake. Amepona, nami nimefurahi kana kwamba ni ndugu yangu. Ila usijipongeze, baba. Wewe hukumwokoa, wewe ulikuwa unajificha, na bahati ikamwangukia yeye. Bahati hiyo bado haijapita kwako.

Mteja akija dukani akakwambia gari lake linakata pumzi mlimani, utapeleka gari la jirani likaguliwe badala ya lake? Ungemfukuza. Sasa wewe kifua kinabana ukipanda na kuachia ukisimama, halafu unahesabu plagi! Hiyo ni dalili ambayo daktari anataka kuisikia mara moja, kabla ya mashindano, kabla ya ghala, kabla ya ukaidi wako. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umeyaficha hadi kwa mtu unayelala naye kitanda kimoja. Na kikikubana umekaa, au kikigoma kuachia, piga simu uchukuliwe. Najua utataka kuendesha mwenyewe. Thubutu!

Kuhusu kunyamaza, hapana. Shemeji yako akizidiwa usiku wa manane, madaktari watafungua faili la nani? Na ukizidiwa wewe, watakitafuta kifuani mwako kifaa ambacho hukuwekewa. Nendeni wawili kwa daktari yuleyule, mkamweleze kila kitu, arekebishe majina. Atawakaripia. Mezeni. Kisha nendeni kwenye chama mkaseme ukweli mbele ya watu, na wale waliokuletea matunda wawe wa kwanza kusikia. Kama shemeji atarudi kwenye kiti au la, ataamua daktari, si wewe wala si yeye. Huenda akarudi. Asiporudi, angalau yupo hai wa kulalamika, na wewe utakuwa na kazi ya kumsikiliza.

Gari usiliguse mpaka upimwe. Hata kulihamisha uani, usiliguse.

Limebaki la mkeo. Juzi alipiga simu hapa gazetini. Hakujitaja, lakini kisa cha mtu kulazwa kwa jina la shemeji yake hakiwezi kutokea nyumba mbili, kwa hiyo barua yako ilipofika nikampigia kwa namba ileile, akanipa ruhusa nikwambie. Hakupiga kuniuliza kama akuache. Wala hakukusema vibaya, ingawa nilimpa nafasi. Ameshakuchukulia miadi ya Jumatatu asubuhi, kwa jina lako, na alichotaka kujua ni kimoja tu: mtu anayekwenda kuwekewa waya za moyo avae nini, asije akapata taabu kuvua.

Nilimjibu avae shati la vifungo mbele, lisilobana. Jumatatu ukiliona limepigwa pasi limetundikwa mlangoni, usiulize ni la nini. Livae.