Kijitabu Kilichovikwa Kalenda

Scovia Zadock,
S.L.P. Rangwe,
Kupitia Homa Bay.

6 Aprili 1997

Mpendwa wifi yangu Teresa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, salamu zenye udongo wa shambani, kwa maana nimenawa mikono haraka nikaketi kuandika kabla moyo haujarudi nyuma. Habari za Voi? Shemeji Stanley hajambo? Na kile kikohozi cha Liz kiliisha, au bado mnamfukizia majani? Hapa sisi tuko wazima wa kutembea. Mama hajambo, isipokuwa lile goti lake linalojua mvua kuliko redio. Watoto wanaenda shule. Zadock ni mzima. Nalisema hilo mapema ili usome kwa utaratibu bila kurukia mwisho wa barua, maana nakujua.

Uliniuliza siku hizi huku tunasoma nini, na kama bado tunagombania magazeti ya zamani. Tunagombania sana. Yale uliyofungia viatu vya Sammy wangu yalizunguka kijiji kizima hadi yakaishia dukani kufungia sukari. Helen wa kinu cha kusagia yeye ni hadithi za mapenzi tu, tena zile zilizong'oka kurasa za mwisho, basi anatutungia mwisho yeye mwenyewe na kila mara ni arusi. Wengine kanisani wanasoma karatasi zinazosema dunia itakwisha mwaka elfu mbili. Jirani yetu mmoja amezisoma akaacha kuezeka choo chake. Tulimwambia hata siku ya mwisho mtu atahitaji choo, akakasirika.

Lakini kinachosomwa kuliko vyote ni kijitabu ambacho hakuna anayekubali kwamba amekisoma. Mimi ndiye niliyekileta. Nikienda Migori kuchukua mitumba huwa napita kwa Nyanchama, muuguzi wa zahanati moja ndogo pale, mteja wangu wa nguo za watoto. Ndiye aliyenipa. Ni cha ukimwi, kimeandikwa kwa Kiswahili chepesi na kina picha.

Nilikivika karatasi ya kalenda ya mwaka jana, mwezi wa Novemba, kionekane kama kitabu cha shule. Huku kwetu, wifi, anayeonekana na kijitabu kile anahesabiwa kuwa anao. Helen alikiazima ndani ya debe la unga na akakirudisha ndani ya debe la unga, mpaka leo ukifungua kurasa unapiga chafya. Alisema maneno yake ni ya kweli ila mgonjwa aliyechorwa anafanana mno na naibu wa chifu. Akina mama wa kanisa wanasema kina matusi, na wakishasema hivyo wanauliza kiko kwa nani sasa. Wanaume wanasema ni hila ya kutuzuia tusizae. Wazee wanasema ugonjwa huu si mpya hata kidogo, ni chira, inayomkondesha mtu aliyevunja mwiko, na kwamba vitabu haviijui chira. Wote wamekubaliana jambo moja tu, kwamba kijitabu kinawasema watu wengine. Watu wa nchi kavu wanasema ni habari za wavuvi, na wavuvi wanasema ni habari za madereva wa barabara ya Isebania.

Kisha ile Novemba ikachanika sokoni mbele ya watu. Tangu siku hiyo wanawake wananisalimu kwa sauti ya chini, na mmoja aliniletea uji wa wimbi pale sokoni bila kuombwa. Nilicheka, nikaunywa. Nilipofika nyumbani nilifunga mlango nikajitazama mikono kama imekonda.

Wifi, naogopa. Naogopa tangu mwezi wa pili, na sijapata mtu wa kumwambia asiyekuwa wewe.

Kaka yenu Nicanor ulimwona mwenyewe aliporudi kutoka Mfangano, yule mtu aliyekuwa akibeba magunia mawili ya omena, wale dagaa wa ziwani, kwa mpigo akishushwa kwa kushikwa makwapa. Tulipomzika mwaka jana uliambiwa ni chira, kwamba alijenga kule kisiwani bila kufuata taratibu za nyumbani. Mimi nami niliamini. Halafu nikafungua kijitabu cha Nyanchama na kila ukurasa alikuwa Nicanor. Zile homa, ule ulimi mweupe, kule kuhara kusikosikia dawa. Na ukurasa unaofuata unasema mke wa mtu wa namna hiyo anaweza kuwa nao mwilini miaka mingi akiwa mnene na mwenye kung'aa.

Sasa wewe unaijua mila yenu kunishinda. Mama alipanda mbegu zake kwanza kama mkubwa wa boma. Anayefuata ni nyumba ya mwana wa kwanza, yaani Bathsheba, mjane wa Nicanor. Lakini mjane ambaye hajarithiwa, yaani hajalala na ndugu wa marehemu, hawezi kutia mbegu ardhini, na nyumba yetu sisi wa pili haiwezi kumtangulia. Wa kumrithi ni nani? Ni Zadock wangu. Kwa hiyo mvua ilianza, majirani wakapanda, wakapalilia, na boma letu likawa jekundu tupu katikati ya kijani cha watu. Kila asubuhi Mama alisimama pale kwenye ua na kumuuliza mwanawe kama anataka watoto wale udongo.

Nilimsomea Zadock kijitabu chote. Alisikiliza akinoa jembe. Alisema, "Scovia, nimesikia. Lakini nikikataa na mtoto mmoja afe hapa, nitamwambia nini Mama?" Siku zilizofuata akawa hali vizuri. Baba zenu wadogo wakaja wakachagua siku ya yeye kuingia kwa Bathsheba. Nilimwona akipiga pasi shati lake lile la buluu, nikaenda nyuma ya jiko nisimwone.

Bathsheba alikuja kwangu siku mbili kabla ya siku hiyo. Mjane asiyerithiwa hawezi kuingia nyumba ya mtu, unajua, kwa hiyo aliketi nje chini ya upenu akaegemea ukuta. Alisema amesikia nina kitabu, naye macho yake hayasomi, nimsomee. Mlango ulikuwa wazi, mimi niko ndani, yeye yuko nje. Nilimsomea kwa bidii nikidhani namsihi amwachie mume wangu. Nilisoma mpaka ule ukurasa wa mke mnene anayeng'aa. Ndipo nilipomsikia akiuliza, "Huyo ni mimi, sindio?"

Wifi, nilikifunga kijitabu. Majuma yote yale nilikuwa nikikisoma kwa ajili ya Zadock, na kwa ajili yangu. Haikunijia hata mara moja kwamba kile kitabu kilikuwa barua yake yeye.

Kesho yake asubuhi, jua limetoka na watu wote tuko uani, alipita na jembe na kibuyu cha mbegu. Hakutazama mtu. Akaingia shambani kwake, akachimba, akatia, akafukia, mstari mzima, peke yake, bila kurithiwa. Mama alipiga yowe kama la msibani. Zadock alisimama na mswaki mdomoni. Hakuna aliyethubutu kumkamata kwa sababu kila mtu aliogopa kugusa kitu kile alichokuwa akifanya.

Alipomaliza alinipita karibu, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sasa hata Zadock asikuje. Na nikigonjeka watasema ni hii mbegu. Wacha waseme hivyo, ni afadhali. Wewe panda."

Nikapanda, wifi. Siku hiyo hiyo, nikilia. Wakati huo mila ilikuwa imeshavunjika na hakukuwa tena na kitu cha kungoja. Mahindi yetu yameota na hayana neno. Na yake yameota.

Sasa hili ndilo lililonikalisha kuandika. Bathsheba ameanza kukohoa. Ni mafua pengine, hata mimi nina mafua. Lakini wazee wamesikia, na wanasema chira imeshaingia bomani, na asipoondoka kabla ya mavuno itatumaliza wote. Wanataka arudishwe kwao, ambako hakuna mtu aliyebaki. Mama anawaitikia. Zadock akisema neno wanamwambia amefunzwa na mkewe, na mkewe amefunzwa na kitabu. Wewe ndiwe binti mkubwa wa nyumba hii. Mama hubishana na kila mtu isipokuwa wewe. Mwombe shemeji ruhusa, uje kabla wazee hawajakutana tena baada ya palizi. Nyanchama amesema tumpeleke Bathsheba Migori apimwe damu na atibiwe kikohozi. Bathsheba amekubali, ila anataka mtu wa kwenda naye aliye wa nyumba hii kwa damu.

Msalimie shemeji Stanley, Liz na mdogo wake. Helen anakusalimu na anaomba hadithi yoyote yenye mwisho. Zadock anakusalimu, ameandika jina lake hapo pembeni ili usidhani namsingizia. Mungu akulinde njiani, na akufikishe ukiwa na ile sauti yako ya ukali.

Bathsheba naye anakusalimu. Ninapoandika haya yuko hapa ndani. Nilimfungulia mlango nikamwambia aingie, akasita sana kizingitini, kisha akaingia na ameketi kwenye kile kiti chako cha kamba. Nimempa chai. Kijitabu kinasema kikombe hakiambukizi, ukurasa huo nimeusoma hadi nimeukariri, na hata hivyo mkono wangu ulitetemeka nikimpa, naye aliuona. Akakipokea kwa mikono yote miwili, kikatulia.

Njoo upesi.

Ni mimi wifi yako nikupendaye na nikungojaye,

Scovia