Paja la Mwenyewe

Mnero, 3 Juni 2024

Mdogo wangu Prisila,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi hatujambo, isipokuwa jino langu linanisumbua na mama ni yuleyule, leo ananijua, kesho ananiita muuguzi. Naandika kwa sababu kwenye simu mimi na wewe tunagombana kabla salamu hazijaisha. Barua nampa Jonasi wa bodaboda, kila wiki anakuja huko.

Nisaidie juu ya paka wako. Tangu uolewe Ruangwa ukatuachia, kazi yake ilikuwa kuzunguka mashamba asubuhi na kulala jikoni mchana, nami nikaona jina la Bwanashamba ulimpa sawasawa. Sasa watu wamevuna, panya wa shamba wamenona, naye kaanza kuwaleta nyumbani. Tatizo hawaui! Anamwachia panya mzima miguuni kwa mama, halafu anakaa pembeni kutazama. Jana mmoja kapanda chandarua, mimi niko juu ya kiti napiga kelele, mama anacheka mpaka machozi.

Lakini panya siye aliyeniuma. Mama, ambaye wiki mbili nzima alikuwa anausukuma uji wangu, alisema, "Prisila katuma kitoweo. Kipikeni." Mtoto wa jirani akamkamata, nikakipika. Akala na ugali akamaliza. Hukutuma kitu, Prisila, na wewe unajua. Niambie tu wanakamatwaje.

Ni mimi dada yako,
Goreti

Ruangwa, 11 Juni 2024

Dada Goreti,

Milele amina. Pole na jino, kaling'oe, unaliogopa tangu Pasaka. Mimi na shemeji yako tu wazima, duka linakwenda polepole.

Nimecheka barua yako mpaka mteja akaniuliza kulikoni. Mtu mzima juu ya kiti! Sikiliza. Kwanza usipige kelele, ukipiga kelele panya anapagawa na paka anafikiri umefurahi. Funga mlango. Ziba nyuma ya mitungi na gunia, maana ndiko watakakokimbilia. Mwache panya atulie kwenye kona, mfunike na sufuria, kisha pitisha sinia taratibu chini yake. Usimshike kwa mkono mtupu, anauma. Na kama ni panya wa darini, mwenye mkia mrefu, huyo mtupe mbali, mama asimle. Paka usimpige. Baba marehemu aliniambia paka anayeleta mzima anakufundisha kuwinda, kakuona hujui.

Mama anakumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nachimba panya na baba, wewe ukiwa jikoni. Acha kuninunia kwa hilo. Wewe unaamka naye kila siku. Mimi nikifunga duka nakaa nawaza kama leo kanitaja. Nakuonea wivu, dada, nakwambia wazi.

Mdogo wako,
Prisila

Mnero, 25 Juni 2024

Prisila,

Salamu kwako na kwa shemeji. Mama anakula. Sufuria na sinia vimefanya kazi, sasa hata kiti sipandi.

Umesema unanionea wivu. Wivu wa nini, kumwogesha? Kufua mashuka alfajiri? Mimi naamka, nateka maji, namkamata panya, nambanika, namtoa mifupa, namlisha kwa mkono wangu, halafu nasikia, "Prisila ana huruma." Jirani yetu Catherine kaja kumsalimu, mama kamwambia ana mtoto mmoja mwenye akili, yuko Ruangwa. Nilikuwa nimesimama palepale na bakuli!

Na kuna jambo jingine. Kila akila anabakiza paja moja, analifunga kwenye pindo la khanga. Nikimuuliza la nani, anasema, "La mwenyewe." Mwenyewe ni nani kama si wewe? Nikifua naikuta nyama imekauka, nampa paka. Nimechoka kukufungulia mapaja yako.

Jirani mmoja kaweka sumu ya panya ghalani, nyama si salama tena. Kwa hiyo Bwanashamba huyo hapo, ndani ya tenga, Jonasi anakuletea. Ni wako, kaa naye.

Goreti

Ruangwa, 12 Julai 2024

Dada,

Salamu. Paka alifika salama, kamkwaruza Jonasi shingoni.

Nisikufiche, nilifurahi. Nilijisemea, angalau kitu kimoja cha nyumbani kimekuja kwangu. Siku ya tatu akaniletea mjusi mzima mpaka dukani, mteja akakimbia na sukari ambayo hajalipia. Nikacheka peke yangu, kisha nikalia.

Jonasi hawezi kuficha jambo. Nilimuuliza nani kaweka sumu, akaangalia chini. Hakuna sumu, dada. Na amesema tangu paka aondoke mama hajala cha maana, anakaa mlangoni anatazama njia ya mashambani. Kwa nini hukuniandikia hilo?

Jumamosi ya wiki ijayo nakuja kumrudisha paka. Wewe nenda Nachingwea kang'oe jino, ulale huko kwa rafiki yako Eva siku mbili upumzike. Mimi nitakaa na mama yangu. Na mimi nimtunze kidogo, na mimi nisikie jina langu kwa masikio yangu.

Prisila

Ruangwa, 29 Julai 2024

Dada yangu Goreti,

Natumaini shavu limepungua. Tulipokutana pale stendi ulikuwa umefunga khanga kichwa kizima na mimi nilikuwa na haraka, hatukuzungumza. Kusema kweli nilikukimbia.

Siku ya kwanza mama alininunia kutwa. Siku ya pili Bwanashamba akaleta panya mnene, mzima, akamwachia miguuni kwa mama kama ulivyoandika. Panya akakimbilia nyuma ya mitungi. Nikamfunika, nikapika kwa mikono yangu, mama akala. Nilingoja aseme Prisila katuma kitoweo. Akasema! Moyo wangu ulijaa.

Halafu akafunga paja kwenye pindo. Nikajua ni langu, wewe mwenyewe uliniandikia. Nikanyoosha mkono. Akanipiga kofi la vidole, akasema, "Acha! La Goreti hilo. Katoka shamba, tangu asubuhi hajatia kitu tumboni."

Nikamwambia, "Mama, mimi ni Prisila, nimetoka Ruangwa."

Akasema, "Najua. Wewe umeshiba."

Siku mbili zile hakuniuliza hata mara moja kama nimekula. Wewe alikuulizia kama umekula kila alipoona mtu anapita njiani. Nimerudi Ruangwa na wivu ambao sijui niuweke wapi, na nilitaka kukunyima habari hii. Wiki nzima nilikunyima. Ndiyo hiyo sasa.

Mdogo wako,
Prisila

Mnero, 8 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma nimekaa jikoni, nikairudia mara tatu. Nilihesabu mapaja niliyompa paka nikaacha, ni mengi.

Sumu nilidanganya. Nilitaka mama akose cha kukusifia, na nilipoona hataki kula nilimtazama na uji mkononi na bado sikukuandikia. Nisamehe.

Jana Bwanashamba kaleta tena. Mama kala, kafunga paja, kalala na khanga yake. Sikungoja siku ya kufua. Nilifungua pindo polepole asiamke, nikakaa kwenye mkeka karibu naye. Lilikuwa la baridi, lina nyuzi za khanga. Nikalila lote.

Alipoamka akapapasa pindo, akakuta hamna kitu. Akanitazama, akaniita muuguzi. Akasema, "Kumbe Goreti amerudi."

Njoo mwezi ujao. Nitamwambia wewe nawe una njaa.

Dada yako,
Goreti