Udongo Wangu na Mawe Yako

Mdogo wangu Ardith,

Nina miaka themanini na minane. Nimezika wake wawili, na daktari aliyesema nitawatangulia.

Bunge la jimbo limepitisha sheria: nyaya za umeme wa vituo vya data zisikatize shamba lenye udongo mzuri, zipite penye mawe. Mkaguzi wa udongo alichimba kwangu akasema, "Mzee, umekalia keki." Nikamjibu, "Ndiyo maana nilijichagulia mwenyewe upande huu baba alipokufa."

Kabla ya kura ulinisihi nikutetee. Wabunge waliponiuliza kule bungeni Richmond nilisema kweli, kwamba kwako hayajawahi kuota hata maharage. Basi nyumba yako itabomolewa mwezi wa tano. Nguruwe wangu hawajambo.

Ukidhani natia chumvi, muulize mumeo Emmett. Alikaa nyuma yangu, akanipigia makofi kabla hajaelewa.

Kaka yako,
Hobart