Moteur Iko Beni, Gari Iko Butembo

Mususa, Butembo, tarehe 14 janvier 2024

Kwako Yaya Hadjara,

Salaam aleikum. Habari ya Beu, dada yangu mukubwa? Habari ya batoto, na ile kikohozi ya Sofia, iliisha? Sisi huku tuko muzima, Alhamdulillahi. Muke wangu Falonne anakusalimia, batoto banakusalimia, na mvua inatusalimia kila siku saa nane, hapana kukosa.

Naandika barua, juu simu imetushinda. Nikikuita, moulin yako ya kusaga inalia nyuma yako, unasema "nini? nini?", kiisha unakata. Kitsa, ule shofere wa camion ya ndizi, amekubali kubeba barua zetu.

Yaya, nimeanza kutengeneza pickup ya Baba. Ndiyo, ile ile. Nimeitoa nyuma ya nyumba, kuku zilikuwa zinatagia mu cabine. Miaka kumi na mbili naendesha gari za batu, nasukuma gari za batu mu matope, patron anakula nyama na mimi nakula vumbi. Nimeapa: gari ya mutu, sitaendesha tena. Bamama ba samaki ba Kyavinyonge banasema kama niko na gari yangu, mizigo yao ni yangu.

Sasa unajua kinabakia nini. Siku ya kugawa mali ya Baba, gari ilikuwa imekufa, hakuna mwenye kuinunua. Ba oncle, bandugu ba Baba, balisema mwanaume anapata sehemu mbili, mwanamuke sehemu moja, ndio balinipa mimi châssis na cabine, ni kusema mwili wa gari, wewe balikupa moteur, ile injini. Sisemi balikosa. Mais gari bila moteur ni nyumba ya kuku. Nitumie moteur na Kitsa. Mimi nitakutafutia ingine ndogo ya kusaga.

Mudogo wako,
Jumaine


Beu, Beni, tarehe 20 janvier 2024

Kwako mudogo wangu Jumaine,

Wa aleikum salaam. Sofia amepona. Mugongo yangu ndiyo haijapona, lakini haukuuliza habari yake. Salimia Falonne sana, muambie namukumbuka.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifikiri uko na malaria. Nikutumie moteur! Sawa vile mutu anatuma chumvi kwa jirani.

Ile siku ya kugawa, ulicheka. Ulisema mbele ya ba oncle, na mimi niko pale: "Achukue ile chuma, ataanikia sahani." Moteur ilikuwa imekamata, haizunguke hata kidogo. Ni nani aliipeleka kwa fundi? Ni nani aliuza bikwembe byake, bitenge byote bya ndoa, kimoja kwa kimoja, mpaka ikapata pistoni? Leo inasaga muhogo na mahindi ya quartier, mutaa muzima, kuanza saa kumi na mbili ya asubui. Tangu bwana yangu afariki, haujaniona kwa mulango ya mutu nikiomba. Batoto bane banasoma, juu ya ile chuma.

Ile moteur ndogo unasema utanitafutia, itafute. Kiisha iweke mu gari yako.

Yaya wako,
Hadjara


Mususa, tarehe 25 février 2024

Kwako Yaya,

Salaam aleikum. Mugongo yako iko namna gani? Umeona, nimeuliza.

Moteur ndogo nimeitafuta. Mutu mumoja wa Kasindi aliniapia kama ni ya pickup, kumbe ni ya minibus. Zorobabel, fundi wangu, aliizunguka siku tatu, akakata, akaunganisha, akakata tena kwenye alikuwa ameunganisha. Ilipoingia, capot, kifuniko ya mbele, ikakataa kufunga. Ilipowaka, ikatoa moshi mpaka mama jirani akakimbia kuanua nguo zake. Kiisha ikanyamaza. Iko inanyamaza mpaka leo.

Bengine byote nimemaliza, na hakuna kitu nimenunua mupya. Chini ya cabine nimetandika bati ya pipa, nilipasua pipa mimi mwenyewe na nyundo. Nyuma nimepiga mbao za eucalyptus. Kiti kimetoka mu fauteuil ya shangazi, ile yenye ilikuwa inamuchoma matako. Taa ya kuume ni ya mviringo, ya kushoto ni ya pembe ine, mais zote zinawaka kama nikiweka batterie. Rangi ni ya buluu, ilibakia siku jirani Abdias alipaka milango ya duka yake. Ilikuwa kidogo, donc mulango mumoja umebakia mwekundu.

Yaya, inakosa moteur tu. Kila mutu anapita hapa anauliza: Jumaine, itatoka lini? Najibu: karibu. Nimechoka na ile karibu. Baba angekuwa muzima, angekuambia uiachilie. Gari ni kitu ya kutembea, hapana kukaa fasi moja inasaga muhogo.

Mudogo wako,
Jumaine


Beu, tarehe 9 mars 2024

Kwako Jumaine,

Wa aleikum salaam. Tuko muzima, hasira tu.

Juzi mwanaume mumoja alikuja kusagisha. Alikuja na muhogo kidogo mu basani. Mwanaume, na basani ku kichwa! Bamama bote ba mustari baligeuka bakamuangalia. Alipofika zamu yake, hakuangalia muhogo. Alitoa kamba mu mufuko, akaanza kupima moteur yangu, mbele, nyuma, mpaka miguu yake chini. Nikamuuliza: Papa, unaishonea nguo? Akasema yeye anapenda tu mambo ya mécanique. Vidole vyake vilikuwa na rangi ya buluu.

Nilimuuliza jina. Akajibu palepale: Zorobabel, wa Mususa. Jumaine, hata muongo haujue kumuchagua.

Nilimusagia muhogo wake, nikamupa chai, nikamuonyesha fasi gari za Butembo zinasimama. Yeye hana kosa, ametumwa. Wewe ndiye nakushangaa. Mudogo wangu anatuma mutu kupima kitu changu ndani ya nyumba yangu, sawa vile napimiwa sanduku nikiwa bado nahema. Ukirudilia, nitakuja Mususa mimi mwenyewe, na kelele yangu unaijua.

Yaya wako, ukipenda, usipopenda,
Hadjara


Mususa, tarehe 13 mars 2024

Kwako Yaya Hadjara,

Salaam aleikum, na Ramadhani njema.

Zorobabel anasema chai ilikuwa tamu. Alikuwa anapima tu, hakubeba kitu. Tulitaka kujua kama miguu ya moteur haijakatwa. Haijakatwa. Itaingia fasi yake bila kugusa kitu, Yaya, bila kugusa kitu!

Sasa acha niseme yenye iko mu roho. Wewe uko na nyumba. Uko na moulin. Ukipita mu Beu banasema mama Hadjara amepita. Mimi niko na nini? Niko na gari yenye kuangalia ukuta. Baba alinifundisha kuendesha mu ile gari, niko ku magoti yake, miguu yangu haifike ku pédale. Wewe haujawahi kukamata usukani. Na leo ni wewe unakatala, kila barua unakatala, nimechoka kusoma ile kukatala.

Mwezi umeanza. Nitafunga chakula, na kalamu nitaifunga pia. Siku umekubali, mutume Kitsa aniambie.

Jumaine


Beu, tarehe 21 avril 2024

Kwako mudogo wangu,

Salaam aleikum. Idi imepita, haukunitumia hata salamu. Nilipika pilau nikakuwekea sahani, sijue juu ya nini.

Kitsa ameniambia kitu ulifanya siku ya Idi. Anasema ulivaa kanzu, ukapandisha Falonne na batoto mu pickup kule juu ya mulima, ukaachilia frein, zile breki, ikateremuka Mususa muzima bila moteur. Wewe unapungia batu mukono. Batu banapiga makofi: Jumaine ametoka! Kufika chini ikasimama, ukatangaza kama mafuta ya mazutu imeisha. Kiisha ukakaa pale ndani mpaka batu batawanyike, ndio ukaita batu ba kuisukuma kurudi juu.

Nilicheka kwanza, siwezi kusema uongo. Kiisha nilifikiri zile frein, zenye umezitengeneza na sijui nini, na batoto ndani, nikaacha kucheka. Jumaine, uko na miaka makumi tatu na tisa!

Sasa sikia, na usome ukiwa umekaa. Najua patron alikufukuza tangu décembre. Falonne aliniambia, akaniomba nisikuambie kama najua, nami nilinyamaza miezi yote hii. Ile fuko ya unga unaona kila juma mbili, Falonne alikuambia inatoka mu likelemba yake, muchango wa zamu na bamama. Hapana. Ni Kitsa anaishusha, siku analeta barua yangu na siku haleti. Ni mimi naituma. Ni ile moteur inaisaga.

Unakula obundu, ugali ya ile moteur, unashiba, unachukua kalamu unaniambia inakaa bure huku Beni. Na mimi nasoma, nakasirika, kiisha nafunga fuko ingine.

Sikutaka kukuambia, umenisukuma. Na hapana kumugombeza Falonne. Alikuwa anakufichia haya yako.

Yaya wako,
Hadjara


Mususa, tarehe 2 juin 2024

Kwako Yaya Hadjara,

Salaam aleikum. Natumaini mugongo yako imepata nafuu, na batoto bote ni muzima. Hapa tuko.

Najua ni juma sita. Kitsa alikuwa anaomba jibu, nikawa najificha mu choo. Siku mbili za kwanza nilikatala kula. Falonne hakuomba, hakulia. Aliweka sahani mbele yangu akasema: "Kula. Moulin haitasimama juu umenuna." Nikakula. Ilikuwa na ladha ileile, na ile ndiyo ilinikasirisha zaidi. Nilikasirika na Falonne, na wewe, na Kitsa mwenye kunisalimia kila mara na ile sura yake ya mutu hana habari. Kiisha nilikosa mwingine wa kukasirikia, nikabakia peke yangu.

Sasa sikia mupango. Moteur isije Butembo. Gari ndiyo ije Beni. Kitsa atanivuta na kamba nyuma ya camion. Tunaingiza moteur mu gari palepale ku kiwanja chako, moulin haisogee. Siku za kusaga, tunainua gudurumu moja ya nyuma na cric, ile jeki, tunatoa tairi, tunapitisha courroie, ule mukanda, ku jante, chuma yenye kubeba tairi. Jante inazunguka, moulin inasaga. Hapana kucheka, Zorobabel aliisha kuona batu ba Lubero banapasua mbao vile. Siku mbili mu juma tunarudisha tairi, naenda Kyavinyonge kubeba samaki. Kesho yake unasaga.

Na gari itakuwa yako. Châssis, cabine, mulango mwekundu, yote. Nimeandika ku karatasi ingine yenye iko mu enveloppe hii, nimetia signature, na Zorobabel ni shahidi. Sehemu zangu mbili nimezikula tayari, mu sahani. Mimi nitakuwa shofere wako, utanilipa ginsi shofere analipwaka.

Niliapa sitaendesha tena gari ya mutu. Unakumbuka, na kila mutu wa Mususa anakumbuka, juu niliapa na sauti kubwa. Basi. Falonne na batoto batabakia kwanza hapa, nitakuwa nabarudilia siku ya Ijumaa.

Kama haupendi, sema tu. Na kama haupendi, unga pia hapana kutuma tena.

Mudogo wako,
Jumaine


Beu, tarehe 5 juin 2024

Kwako mudogo wangu Jumaine,

Wa aleikum salaam. Mugongo iko vile inakuwaka. Batoto ni muzima.

Kurasa mbili, na neno "unisamehe" sijaliona. Nimegeuza karatasi nikaangalia nyuma, pengine liliponyokea huko. Haliko. Basi, nimekusamehe bila hilo, juu nikingoja liandikwe nitazeeka.

Njoo siku ya mungu, Jumapili. Siku ya soko hapana, bamama banajaa hapa na sitaki basani zao chini ya gari yenye kuvutwa na kamba. Mwambie Kitsa avute polepole, na wewe miguu ibakie ku frein toka Mususa mpaka hapa. Courroie yangu ni fupi kwa ile kazi unasema, tafuta ndefu. Zorobabel aje, nitamupikia, mais kamba yake ya kupima aiache kwake. Boulon, ile bolti ya kwanza ya moteur, ni mimi nitailegeza. Miaka sita naifungua na kuifunga, najua yenye kukatala.

Kukulipa nitakulipa. Kuchelewa sitaki, na ukinunia wateja, nakufukuza mbele ya wote. Nasema kweli.

Ile karatasi yako ya kuniachia gari nimeiweka chini kabisa ya sanduku. Itakaa pale, hakuna mutu ataiona. Tangu jana nasafisha kiwanja, na hapa Beu kila mwenye kupita ananiuliza ni ya nini. Nabaambia mudogo wangu anakuja na gari yake.

Yaya wako,
Hadjara